Saksafoni Iliyoshusha Sauti: Kisa cha Mpulizaji Mmoja wa Dar es Salaam

Kwenye vijiwe vya wanamuziki wa Dar es Salaam, kuanzia Kinondoni hadi Ilala, kuna mpulizaji saksafoni anayejadiliwa sana siku hizi. Waliomjua zamani wanamkumbuka kama mtu wa kupasua. Akisimama mbele ya safu ya upepo, yaani wapiga saksafoni na tarumbeta wa bendi, hata waliokuwa nje ya ukumbi wakisubiri bodaboda walijua ni yeye. Leo anapiga na watu watatu tu. Hakuna gitaa la umeme, hakuna kinanda, na ukikaa meza ya nyuma ukumbi ukiwa umetulia unamsikia anavyovuta pumzi kabla ya noti. Wapo wanaosema amezeeka. Wapo wanaosema pumzi imeisha. Wengine, na hawa ndio wakali zaidi, wanasema amewaacha watu wake na kujiuza kwa matajiri wa Masaki.

Mimi ni fundi mitambo. Nilikaa nyuma ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, enzi zake za kishindo na bado niko naye sasa, kwa hiyo mabadiliko haya nimeyasikia kwa masikio yangu, maiki kwa maiki. Ameniruhusu nieleze kisa chake ila jina lake nisilitaje, basi nitamwita mwenzetu. Hoja yangu ni moja. Ulaini huu haukuanzia kwenye saksafoni. Ulianzia kwa mpiga ngoma, ukapita kwenye gitaa na besi, na saksafoni ikaja mwisho. Mpulizaji anayetaka kuiga njia hii kwa kununua mausipisi mpya, kile kipande cha kupulizia, na kuongeza mwangwi kwenye mitambo atapata kitu kingine kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Alikotoka

Alijifunza kupuliza kanisani, kwenye kundi la tarumbeta la usharika wa Kilutheri. Wapulizaji wengi wa nchi hii ama wametoka huko, ama wametoka kwenye bendi za Polisi, Jeshi na JKT. Kutoka kanisani akaingia kwenye matarumbeta ya harusi. Mnaoishi Dar mnaijua kazi hiyo: Jumamosi mchana, jua la utosi, wapulizaji wamesimama nyuma ya pikapu, ngoma kubwa inapigwa kisogoni mwako, na msafara unakwenda ufukweni kupiga picha kabla ya ukumbini. Unapuliza njia nzima. Gari likiruka tuta, mdomo wa saksafoni unakugonga meno. Honi za magari ya msafara nazo hazinyamazi. Katika kazi hiyo sauti nzuri ni sauti inayofika, basi. Mpulizaji asiyesikika juu ya honi hatunzwi, na asiyetunzwa anarudi nyumbani na nauli tu.

Baadaye akapata nafasi kwenye bendi ya dansi. Hapo aliingia kwenye urithi mzito. Toka NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964, ile ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, na toka DDC Mlimani Park ilipozaliwa 1978, upepo kwenye dansi la Tanzania umekuwa na kazi maalumu: kumjibu mwimbaji, kufunga beti, kisha kuusukuma wimbo uingie kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho inayowainua wachezaji. Saksafoni mbili na tarumbeta mbili zikilia pamoja, mchezaji aliyekaa anainuka. Huo ni muziki mkubwa na sitaki mtu asome kisa hiki akadhani naudharau.

Tena saksafoni yenyewe iliundwa kwa ajili ya kishindo. Adolphe Sax, Mbelgiji, aliisajili Paris mwaka 1846 akiwa na bendi za jeshi akilini. Alitaka chombo chenye wepesi wa zumari na nguvu ya tarumbeta. Mwenzetu aliichukua nguvu hiyo yote. Alikuwa na mausipisi ya chuma, yenye chumba chembamba na paa la ndani lililoinuka. Umbo hilo huifanya pumzi ikimbie kwa kasi na sauti itoke kali, yenye ncha. Juu yake alifunga ridi ngumu, kile kijiti chembamba kinachotetemeka ukipuliza. Kwa mazingira yale alikuwa sahihi kabisa.

Kilichomsukuma

Kuna hadithi inayopendwa sana kuhusu mabadiliko yake: eti usiku mmoja umeme ulikatika katikati ya onyesho, bendi ikaendelea bila mitambo, watu wakanyamaza, na yeye akaiona njia yake. Umeme ulikatika kweli, nilikuwepo. Jenereta likawashwa, spika zikarudi, na wiki iliyofuata alipuliza kwa nguvu zilezile. Hakuna kilichobadilika usiku ule. Hadithi tamu haitusaidii kuelewa jambo hili, kwa sababu kilichotokea kilichukua muda mrefu na kilikuwa na sababu zaidi ya moja.

Ya kwanza ni masikio. Saksafoni ya tena ikipulizwa kwa nguvu hufikisha desibeli 100 kwa mtu aliye karibu nayo, na jukwaani hauko peke yako: pembeni una tarumbeta, nyuma una matoazi ya dramu, miguuni una spika ya kujisikilizia inayoshindana na vyote hivyo. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini kinasema desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3, muda unapungua kwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Sasa hesabu bendi inayopanda jukwaani saa tatu usiku na kushuka saa nane. Mwenzetu alianza kusikia mlio mwembamba kwenye sikio la kushoto, upande aliosimama mpiga tarumbeta. Mchana mji unaufunika. Usiku akilala unabaki peke yake na haunyamazi. Daktari alimwambia wazi kwamba usikivu uliokwisha kupotea haurudi, kilichobaki ni kuulinda uliopo. Hilo alilificha kwa muda mrefu, maana mwanamuziki anayesema masikio yanamsumbua hupoteza kazi kabla hajapoteza masikio.

Ya pili ni kelele za mji kwa upande wa sheria. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zilikaa miaka kadhaa bila wenye kumbi kuzisumbukia sana. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilipoanza kuzisimamia kwa nguvu, wamiliki wakaanza kutuambia tupunguze. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wengi hawaelewi kinachotokea fundi mitambo anapoambiwa apunguze. Nikishusha spika kuu, dramu haishuki. Saksafoni haishuki. Magitaa yana ampilifaya zake nyuma, nazo hazishuki. Kinachoshuka ni waimbaji, kwa kuwa wao pekee ndio wanaotegemea spika zangu kwa asilimia mia. Matokeo yake ni bendi ileile yenye kishindo kilekile, ila sasa maneno hayasikiki. Hadhira inalalamika, mwenye ukumbi ananitazama mimi. Usiku kama huo ndipo mwenzetu alinifuata wakati tunakunja nyaya akaniambia, "Mdogo wangu, wewe huwezi kutupunguza. Wa kujipunguza ni sisi."

Hiyo ndiyo kauli ninayoiona kuwa mwanzo wa kisa.

Nani alishuka kwanza

Mwenzetu alikodi chumba cha mazoezi Sinza, aanze kikundi chake kidogo. Chumba kidogo, magodoro mawili yameegemezwa ukutani kupunguza mwangwi, taa moja, na feni ambayo walilazimika kuizima kwa sababu ilikuwa inasikika kuliko gitaa. Kwa mtu aliyetoka kwenye bendi ya watu kumi na zaidi, kusikia feni lilikuwa jambo geni.

Mpiga dramu wake wa zamani alijaribu na akashindwa. Simlaumu. Alikuwa na mkono wa dansi, mkono unaojua kumsukuma mchezaji, na alipoambiwa aache vijiti ashike brashi aliona anadharauliwa. Waliachana kwa amani. Aliyechukua nafasi ni kijana aliyesomea ngoma Bagamoyo, pale chuo cha sanaa cha TaSUBa, ambaye hakuwa na habari ya dramu kama kitovu cha bendi. Alikuja na ngoma mbili za mkono na dramu moja ndogo ya kupigia brashi. Siku ya kwanza alipiga kwa ncha za vidole karibu na ukingo wa ngozi. Mwenzetu akaingia na kifungu chake cha kufungulia, kile ambacho sote tulikijua. Baada ya noti nne akaacha. Akaitoa saksafoni mdomoni akaitazama. Alikuwa ameifunika ngoma yote, gitaa lote, na chumba chote. Akarudia kwa pumzi nusu, noti ikayumba. Akarudia tena, ikakatika.

Kilichoonekana pale ndicho kiini cha uchambuzi huu. Kwa miaka mingi alikuwa anapuliza jukwaani bila kujisikia. Mpulizaji asiyejisikia huongeza nguvu huku akiing'ata ridi, na akiing'ata noti inapanda kidogo juu ya mahali pake. Kwenye kishindo hakuna anayegundua, kwani tarumbeta nayo imepanda. Kwenye chumba cha Sinza kila kitu kilikuwa uchi. Pumzi yake, ambayo vijiwe vinasema imeisha, ilikuwa nyingi kupita kiasi. Kilichokosekana ni uwezo wa kuitoa kidogo kidogo bila kutetemeka, na hilo ni gumu kuliko kupuliza kwa nguvu. Muulize mpulizaji yeyote akupigie noti ya chini kabisa ya saksafoni ya tena kwa sauti ndogo, aishike hadi pumzi iishe, noti isiyumbe. Wengi hawawezi. Mwenzetu naye hakuweza, na alitumia miezi mingi kuisaka noti hiyo moja, alfajiri kabla ya watoto hawajaamka, akiwa na taulo miguuni kuzuia funguo za saksafoni zisigonge.

Wakati huo alikuwa anasikiliza sana kazi za wapiga saksafoni wawili wa Marekani. Stan Getz aliingia kwenye ukumbi wa kanisa mjini Washington mwezi Februari 1962 na mpiga gitaa Charlie Byrd, wakarekodi albamu ya Jazz Samba. Watu husema hapo ndipo Getz alipokuwa laini. Lakini sauti yake ilikuwa nyepesi tangu alipokuwa kijana kwenye bendi ya Woody Herman mwishoni mwa miaka ya 1940. Kilichobadilika 1962 ni jirani zake: gitaa la nyuzi za nailoni lisilo na umeme, na midundo ya Kibrazili iliyopigwa kwa mkono mwepesi. Saksafoni haikuhitaji kupigania nafasi. John Coltrane naye alitoa Ballads mwaka 1963, akiwa na McCoy Tyner, Jimmy Garrison na Elvin Jones. Ni watu walewale waliokuwa wakiwasha moto naye usiku mwingine, na Elvin Jones ni mpiga dramu ambaye hakuna aliyewahi kumwita mpole. Kwenye albamu ile alijizuia, na kila mtu akapata nafasi ya kupumua. Miaka miwili baadaye Coltrane alikuwa anarekodi muziki mkali kuliko wote aliowahi kuupiga. Kwa hiyo wanaosema mtu akilainika amezeeka wanapaswa kutafuta hoja nyingine.

Besi ndilo lililochelewa. Gitaa la besi la umeme lilikuwa linaharibu kila kitu, si kwa ukubwa bali kwa urefu wa noti: inabaki inanguruma wakati gitaa la nailoni limeshanyamaza, na saksafoni ikishuka chini inakuta chumba kimejaa. Mwenzetu akataka besi la kusimama, lile kubwa la mbao. Bara kulipata ni taabu. Unguja yapo, kwa kuwa vikundi vya taarabu asilia kama Nadi Ikhwan Safaa, cha tangu 1905, na Culture Musical Club, cha 1958, vimelea wapigaji wa chombo hicho kizazi kwa kizazi. Akampata mtu wa huko, mtu mzima, mtaratibu, ambaye huja Dar kwa boti kukiwa na kazi. Besi lake hupandishwa na kushushwa bandarini na watu wawili, kama mgonjwa anayepelekwa Muhimbili, naye anatembea nyuma yao akiwaelekeza ngazi.

Mzee huyu alileta kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Taarabu asilia ni muziki wa kukaa na kusikiliza maneno, na mpiga besi wake amezoea kumwachia mwimbaji uwanja. Alimchukulia mwenzetu kama mwimbaji. Kila saksafoni ilipoingia, besi lilipunguza noti. Saksafoni ilipovuta pumzi, besi lilijibu. Sijui kama kuna shule ya jazi Marekani inayofundisha hivyo, lakini hapa mwambao sikio hilo lipo siku zote, na naona ajabu kwamba tulikuwa tunalitafuta mbali.

Ndipo saksafoni ikashuka

Baada ya hayo yote ndipo alipobadilisha vifaa vya mdomoni. Aliweka kando mausipisi ya chuma akachukua ya eboniti, ule mpira mgumu mweusi, yenye chumba kipana na paa lililo chini. Ridi akashuka kutoka namba 3 hadi 2½. Mdomo wa chini akaurudisha nyuma kidogo ukaifunika ridi zaidi, hivyo mitetemo ya juu inazimwa na inabaki sauti yenye hewa ndani yake. Wapulizaji wa zamani kama Ben Webster waliishi kwa ufundi huo.

Ridi zina mateso yake hapa Dar. Ni kijiti cha tete, na tete hunywa unyevu. Kwenye bustani ya Mikocheni usiku wa Machi ridi inavimba na kuwa nzito. Ukiipeleka hoteli yenye kiyoyozi, baada ya nusu saa ncha yake imekauka na kuanza kupinda. Ridi ngumu iliyopulizwa kwa nguvu huvumilia mambo hayo. Ridi laini inayopulizwa kwa upole inasema ukweli wote. Anatembea na nne ndani ya kiboksi kinachofungwa, anazipokezana, na kabla ya onyesho huzijaribu zote palepale ukumbini. Kariakoo utapata saksafoni mpya ya bei nafuu, lakini ridi nzuri mara nyingi husubiri mtu anayesafiri. Joto nalo lina neno: hewa ikipata moto noti za saksafoni hupanda wakati nyuzi za gitaa zinalegea na kushuka, kwa hiyo wanatuni upya katikati ya onyesho, bila kuona haya.

Kwa upande wangu nililazimika kujifunza kazi upya. Enzi za kishindo nilibana maiki ndogo kwenye tundu pana la mwisho wa saksafoni, karibu kabisa, ili dramu isiingie. Maiki ya mahali hapo inasikia vizuri noti za chini kabisa na makelele ya funguo. Noti nyingine nyingi hutokea kwenye matundu ya mwilini, yale yaliyo wazi kwa wakati huo. Sasa naweka maiki kwenye stendi, kama nusu mita mbele yake, ikitazama katikati ya mwili wa saksafoni. Anaweza kusogea, kurudi nyuma, kugeuka. Ukubwa wa sauti anaupanga mwenyewe kwa miguu yake. Hilo lisingewezekana kama mpiga ngoma angekuwa na vijiti, kwa kuwa maiki ya mbali ingemezwa na matoazi. Mnaona jinsi kila kitu kinavyorudi kwa mpiga ngoma.

Nimeulizwa mara nyingi kama huu si muziki wa Kenny G tu kwa jina jingine. Swali ni la haki, kwa sababu kwa Mtanzania wa kawaida saksafoni laini ni ile ya albamu yake ya Breathless ya 1992, ambayo imepigwa kwenye kila ukumbi wa harusi tangu wakati huo. Ile ni saksafoni ya soprano juu ya vinanda vya umeme, na sehemu kubwa ya ulaini wake imetengenezwa studio: mwangwi mrefu, vinanda vinavyojaza kila pengo. Wanaoupenda wana sababu zao, na mwenzetu mwenyewe amepata kula kwa nyimbo hizo. Lakini ukimwondolea mpulizaji wa namna hiyo mwangwi na kinanda, anabaki mtupu. Ulaini wa mwenzetu unaanza pale ambapo vitu hivyo vimeondolewa. Mimi humwekea mwangwi kidogo mno, na kwenye ukumbi wa vigae na vioo simwekei kabisa. Chini ya paa la makuti, ambalo hunywa sauti za juu, naongeza kidogo tu ili hewa ya pumzi isipotee.

Alichopoteza

Sasa upande mchungu. Kipato kimeshuka. Harusi hazimwiti tena, na ile kutunzwa, watu kuja jukwaani na noti mkononi, imekwisha karibu yote. Mtu haji kutunza muziki uliomfanya anyamaze. Bendi ya watu wanne inalipwa mara moja kwa usiku, na besi lina nauli ya boti. Tulipiga kwenye bustani moja Kinondoni ambako baa ya jirani ilikuwa inapiga singeli, na onyesho zima hakuna aliyesikia besi. Sikuwa na la kufanya. Muziki huu unahitaji ukuta, na Dar burudani yake ya usiku iko nje, chini ya miti, bila ukuta. Kwenye hoteli ukuta upo, lakini wageni wanazungumza biashara juu ya muziki, na meneja akiona wanazungumza anakuja kuniomba niongeze. Nafasi zinazofaa kweli ni chache: kumbi ndogo za vituo vya utamaduni, Nafasi Art Space pale Mikocheni, na sebule za watu wachache wanaopenda. Kwa hiyo ile habari ya kujiuza Masaki haina mashiko. Angetaka pesa angebaki kwenye pikapu.

Lawama ninayoiheshimu ilitoka kwa mzee mmoja mpiga tarumbeta, aliyesimama upande wa kushoto wa mwenzetu miaka yote ile. Alisema mbele yangu, bila hasira, "Upepo ndio unaomwinua mtu kwenye kiti. Ninyi mmemwambia akae." Kisha akaongeza kwamba bendi nyingi zimeshaondoa upepo na kuweka kinanda kinachoiga tarumbeta, na kwamba kila mpulizaji mzuri anayeondoka anawapa sababu ya kutomrudisha mwingine. Hofu yake ni ya kweli. Safu ya wapulizaji wanne ni mishahara minne, na kinanda ni mmoja. Nadhani lakini anamshtaki mtu asiye na kosa. Waliopunguza upepo walipunguza kwa hesabu za pesa, muda mrefu kabla mwenzetu hajagusa eboniti. Na masikio ya mtu si mali ya bendi. Mwenzetu alimjibu kwa kitendo: Jumapili jioni anafundisha vijana wawili kupuliza kwa mtindo wa dansi, safu kamili, na mausipisi ile ya chuma amempa mmoja wao. Mzee wa tarumbeta hupita kuwasikiliza. Kwa muziki wa watu wanne bado hajawahi kuja.

Lililobaki halijatatuliwa ni chemko. Nusu ya nyimbo wanazopiga ni dansi la zamani, na wimbo wa dansi huanza taratibu kwa maneno kisha ukafunguka. Msikilizaji wa Dar anaujua mlango huo mwilini mwake. Mabega yanaanza kusogea kabla bendi haijafika. Kwa mwaka wa kwanza walikuwa wanaishia mlangoni, wanapiga sehemu ya taratibu mara mbili na kumaliza, na kila mara nilikuwa naona nyuso za watu zikisubiri kitu ambacho hakikuja. Nilimwambia hilo ndilo kosa kubwa pekee la kazi yote, na alikubali. Wakajaribu kuingia kwenye chemko kwa kuongeza mwendo. Mwendo ukaburuta sauti juu, kijana akaanza kupiga ngoma kwa viganja vizima, na ndani ya dakika moja saksafoni ilikuwa imerudi kwenye pikapu. Wakajaribu kinyume chake: mwendo usibadilike, ngoma igawanye mapigo mara mbili kwa vidole, gitaa lizungushe kifungu kifupi cha juu. Hiyo ilikuwa nzuri, ila besi lilikuwa zito mno kwa mzunguko ule.

Kwenye mazoezi ya wiki iliyopita wamejaribu njia ya tatu. Besi linanyamaza kabisa chemko likiingia, ngoma na gitaa vinabaki peke yao, na saksafoni inapiga noti mbili mbili fupi chini kabisa, ikishika kazi ya besi na ya upepo kwa pamoja. Mpiga gitaa anasema ndiyo yenyewe. Kijana wa ngoma hajakubali. Anasema bila besi mchezaji hajui aweke wapi mguu. Mpiga besi anacheka tu, anasema kwake ni dakika za kupumzika. Mwenzetu ameamua waipige mbele ya watu kwanza ndipo wabishane, na kazi inayofuata ni Ijumaa, kwenye ukumbi wenye makuti.